Mabango ya zamani ya sinema: nitajuaje kama haya ni ya usiku wa uzinduzi?

KaratasiKuukuu

Wakuu, salaam kwenu. Naomba msaada wa wale wanaojua picha za zamani, zama zile steringi hatoki nyumbani bila kofia.

Nimeachiwa bahasha nene ya makaratasi na ndugu yangu mmoja aliyekuwa mgonjwa wa sinema za Marekani. Mengi ni ya kawaida tu, vipande vya majarida na sura za waigizaji zilizokatwa kwa mkasi butu. Ila kuna vitu vinne vinanichanganya.

Cha kwanza ni bango la filamu ya makauboi, inchi 27 kwa 41, karatasi nyepesi, mikunjo imeligawa vipande vinane. Chini kabisa upande wa kulia, nje ya picha, pameandikwa kwa herufi ndogo R54, mkwaju (/), halafu namba nyingine.

Cha pili ni kadi ngumu ya inchi 14 kwa 22. Sehemu ya juu iliachwa nyeupe, na hapo pamegongwa jina la jumba la sinema na maneno "Ijumaa na Jumamosi" kwa wino mwekundu ulioenda upande. Picha ya chini imechapwa vizuri mno, hayo maandishi ya juu utadhani mtu kayachapa gizani.

Cha tatu ni kadi nane za ukubwa mmoja, inchi 11 kwa 14. Saba zina matukio ya filamu kwa rangi, moja ina jina la filamu na orodha ya waigizaji.

Cha nne ni kipande cha gazeti kisichozidi kiganja. Juu kimechanika na jina la filamu limeondoka lote. Zimebaki ndege mbili za vita, zile za mabawa ya ghorofa, jina la jumba, Criterion, New York, na chini yake: mara mbili kwa siku, saa nane na nusu mchana na saa mbili na nusu usiku, viti vyote kwa namba.

Nilimwonyesha dalali mmoja wa vitu vya kale. Akasema bango, ile kadi ngumu na zile nane vyote vilikuwa mlangoni usiku wa uzinduzi wa filamu hizo, kwa hiyo ni mali, na yeye atanitafutia mteja kwa kamisheni ya haki. Kile kipande cha gazeti akaniambia nikitupe tu.

Je, kuna namna ya mtu kujua mwenyewe kama karatasi ni ya uzinduzi? Na hiyo "mara mbili kwa siku" ina maana gani? Mimi nilijua sinema za zamani zilikuwa zinazunguka kutwa, unaingia unapotaka, unatoka ukichoka.

FundiProjekta

Mkuu, usitupe kitu. Na hicho kipande cha gazeti kifiche kabisa mpaka nimalize.

Mimi nilikaa chumba cha projekta enzi za mwanga wa kaboni: fimbo mbili za kaboni, moto mweupe katikati yake, na wewe umesimama hapo unazisogeza kadiri zinavyolika, rili ya futi 2,000 ikikupa dakika 20 na kidogo kabla ya kuhamia mashine ya pili. Mwenye jumba hakutaka kulipa mtu mwingine, kwa hiyo kubandika mabango nje ilikuwa kazi yangu pia. La zamani tulikuwa hatulibandui. Tunapaka gundi, tunaweka jipya juu yake. Siku ule ubao ulipovunjwa, karatasi zilikuwa nene kuliko upana wa vidole vinne, na ukikata pembeni unaziona filamu za miaka na miaka zimelaliana, nyekundu, njano, nyeusi. Ningekuwa na akili za leo ningeondoka na ubao mzima.

Twende kwenye vitu vyako.

Bango kwanza. Hiyo R ndiyo inayomuumbua dalali. Kuanzia miaka ya 1940 kampuni ya National Screen Service ndiyo iliyosambaza mabango ya studio nyingi kubwa za Marekani, na kila filamu ilipewa namba: tarakimu mbili za mwaka, mkwaju, halafu namba ya filamu yenyewe. R ikitangulia, filamu hiyo imerudishwa sokoni. R54 ni picha ya zamani iliyotolewa tena mwaka 1954. Uzinduzi wake ulikuwa umeshapita, na bango la uzinduzi huo lilikuwa jingine kabisa. Mikunjo isikutishe. Mabango yalikunjwa kabla ya kutumwa, na ilichukua mpaka miaka ya 1980 ndipo kuyaviringisha kukawa jambo la kawaida. Ukiletewa bango la 1954 lisilo na mkunjo hata mmoja, hapo ndipo uanze kuuliza maswali.

Kadi ya inchi 14 kwa 22 ndiyo naipenda kuliko zote, ingawa haina undugu wowote na uzinduzi. Hiyo ilikuwa ya madirishani: kwa kinyozi, kwa muuza dawa, popote mwenye duka alipokubali, na mara nyingi alikubali kwa kupewa tiketi za bure. Studio ilichapa picha na kuacha juu peupe. Mwenye jumba akanunua kadi zake, akazipeleka kwa mchapaji wa palepale alipo agongewe jina na siku. Ndiyo maana wino umeenda upande: yule wa chini ni kiwanda kikubwa, yule wa juu ni mtu mwenye mashine ndogo na haraka ya kumaliza. Sasa soma siku zenyewe. Ijumaa na Jumamosi. Filamu inayokaa siku mbili imefika mji mdogo, Jumapili inaondoka inaingia nyingine. Miji mikubwa ilishaimaliza zamani.

Zile nane ni za ukumbini, zinakaa kwenye fremu pale watu wanapongojea kuingia. Moja ya jina na saba za matukio, hiyo ndiyo seti kamili ya kawaida, hongera. Lakini kila jumba lililoleta filamu hiyo liliweza kupata seti yake. Hakuna kinachozifunga na usiku wowote maalum.

Kimebaki kipande cha gazeti. Sinema za kuzunguka kutwa unazozisema zilikuwepo, na ndizo zilizokuwa nyingi. Ila filamu kubwa, ile ambayo studio imemwaga fedha na inataka irudi, haikuanza hivyo. Ilianza kwenye jumba moja la New York au Los Angeles, maonyesho mawili tu kwa siku, unanunua kiti chako mapema na namba yake. Tiketi za juu ziliweza kufika dola 2, wakati jumba la mtaani linatoza senti. Unakuta orkestra chini ya jukwaa, mapumziko katikati, kijitabu cha picha kinauzwa mlangoni. Filamu inakaa hapo miezi, na miji mingine yote inasubiri huku ikisoma habari zake magazetini.

Ikitoka hapo ndipo inateremka ngazi: majumba makubwa ya katikati ya miji, kisha ya mitaani, kisha vijijini kabisa. Kati ya ngazi na ngazi kuna siku zilizoandikwa kwenye mkataba ambazo jumba la chini haliruhusiwi kuigusa. Kila ngazi bei inashuka na mikwaruzo kwenye nakala inazidi, hilo mwulize aliyewahi kuunganisha rili zilizopita mikono ya mafundi wengi. Studio kubwa zilimiliki sehemu nzuri ya majumba ya ngazi ya juu, kwa hiyo zilijipangia foleni zenyewe, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu ya kesi ya Paramount mwaka 1948 na zikalazimika kuachana na majumba.

Kwa hiyo swali la kuliuliza tangazo lolote la zamani ni filamu iko ngazi gani. Usiku wa uzinduzi wenyewe, na taa zake na magari yake, ulikuwa tangazo vilevile, tena la gharama: mlengwa wake mkubwa ni yule mwenye jumba la mji mdogo, akubali kulipa zaidi zamu yake itakapofika. Katika vitu vyako vinne, kilicho karibu na ngazi ya juu ni hicho kipande cha gazeti. Criterion, ndege za vita, mara mbili kwa siku, jina la filamu ninalo kichwani. Ila kabla sijalitaja, kigeuze utuambie nyuma pana nini.

Kandambili_77

Mzee Fundi shikamoo. Mimi ni mpita njia tu, ila si nilisoma uzinduzi wa kwanza ulikuwa kwenye lile jumba la Kichina la Hollywood, lenye nyayo za mastaa kwenye saruji? Au nako ni tangazo?

FundiProjekta

Marahaba kijana. La Kichina ni mdogo mtu. Mkubwa wake ni la Kimisri, na baba yao ni mmoja, Sid Grauman.

Grauman alikuwa na jumba kubwa katikati ya Los Angeles tangu 1918, liliitwa Million Dollar. Halafu akahamia Hollywood Boulevard, ambako wenye majumba wengi wa wakati ule wasingeenda, kwa sababu watu wa sinema walikuwa wakienda katikati ya mji. Tarehe 18 Oktoba 1922 akafungua Egyptian kwa filamu ya Robin Hood ya Douglas Fairbanks, na usiku huo ndio unaohesabiwa kuwa uzinduzi wa kwanza wa Kihollywood, wenye sura hii tunayoijua. Utasikia watu wakisema alijenga Kimisri kwa sababu ya kaburi la farao Tutankhamun. Haiwezekani. Howard Carter, mchimbuaji aliyeligundua, alilifikia kaburi lile tarehe 4 Novemba 1922, jumba limeshafunguliwa. Habari ya kaburi ilikuja kama tangazo la bure ambalo Grauman hakulipia hata senti.

Angalia alivyolipanga. Kutoka barabarani hadi mlangoni kuna ua mrefu, lazima utembee. Huko juu ukutani anatembea mlinzi aliyevaa mavazi ya jangwani, anatangaza jina la filamu kwa sauti. Ukiingia ndani hupewi filamu moja kwa moja, unapewa kwanza onyesho la jukwaani, watu hai na mavazi yao, linaloendana na filamu itakayofuata. Na Robin Hood mwaka ule haikuonyeshwa kwenye jumba jingine lolote la Los Angeles. Hapo ndipo utaelewa kwa nini kwenye matangazo ya Grauman jumba linatajwa kwa kishindo kilekile cha filamu. Alikuwa anauza ule ua.

La Kichina likafuata tarehe 18 Mei 1927, kwa filamu ya Cecil B. DeMille kuhusu maisha ya Yesu. Nyayo kwenye saruji ni za hapo, na kwa maoni yangu ndilo tangazo bora kuliko yote yaliyowahi kubuniwa kwenye biashara hii: halichaniki, halififii, na watu wanasafiri kuja kuinama juu yake wapime viatu vyao.

Zile taa za kumulika mawingu pia zina asili yake. Ni kaboni ileile ya kwenye projekta, imekuzwa. Jeshi lilizitumia kusaka ndege za adui usiku, Hollywood ikazielekeza juu bila kusaka chochote. Mtu aliye mbali kabisa na mjini anajua leo kuna jambo, na hajasoma gazeti.

New York nao hawakulala. Roxy ilifunguliwa tarehe 11 Machi 1927 ikiwa na viti karibu 6,000, kwa filamu ya Gloria Swanson. Mwaka 1960 ilipobomolewa, Swanson mwenyewe alikwenda akasimama katikati ya vifusi, gauni la usiku, mikono ameinyanyua, akapigwa picha na Eliot Elisofon wa jarida la Life. Itafuteni. Nimeona picha nyingi za majumba yanayokufa, nyingi zinalia tu; ile ina kiburi.

BintiMakavazi

Mzee Fundi, heshima yako. Naongeza mambo mawili, maana mimi kazi yangu ni karatasi hizihizi.

La kwanza, tukisifu taa tuwataje na ambao hazikuwamulika. Tarehe 15 Desemba 1939 filamu ya Gone with the Wind ilizinduliwa Atlanta kwenye jumba la Loew's Grand. Gavana wa Georgia aliifanya siku hiyo kuwa sikukuu, mbele ya jumba wakaweka nguzo ndefu lifanane na nyumba ya mwenye shamba, barabara zikajaa. Hattie McDaniel, mmoja wa waigizaji wakuu, hakuwepo, kwa sababu sheria za ubaguzi za Georgia zisingemruhusu kukaa na wenzake. Alihudhuria uzinduzi wa Los Angeles, Carthay Circle, tarehe 28 mwezi huohuo. Tarehe 29 Februari 1940 akapata Oscar, Mwafrika wa Marekani wa kwanza kuipata, na hata usiku huo meza yake ilikuwa pembeni, mbali na wenzake wa filamu. Ukipata karatasi yoyote ya uzinduzi wa Kusini wa miaka ile, soma majina ya wageni waliotajwa, kisha soma orodha ya waigizaji. Tofauti ya orodha hizo mbili ni sehemu ya historia ya karatasi hiyo.

La pili ni kwako KaratasiKuukuu. Kabla ya kuamini hata hiyo R54, chukua lenzi ya kukuzia mara kumi. Tazama picha: bango la miaka ya 1950 lililochapwa kwa ofseti litakuwa na nukta ndogo za rangi zilizopangana, hilo ni sawa. Sasa hamia kwenye herufi. Kwenye bango halisi herufi kwa kawaida ni wino mtupu, ukingo wake umekatika safi. Herufi nazo zikiwa zimejaa nukta, hapo mtu kapiga picha bango la zamani akalichapa upya, R yake na mikunjo yake vyote. Mabango ya miaka ya 1920 na mengi ya 1930 ni lithografia ya mawe, yaani picha iliyochorwa juu ya jiwe na kuchapwa kutoka hapo, hayo hayana nukta za mpangilio, utaona chembechembe kama za kalamu ya nta. Ukiwa na taa ya urujuanimno (UV), izime taa ya chumba umulike karatasi. Karatasi za zamani hubaki hafifu, nyingi za kisasa hung'aa samawati kwa sababu ya dawa za kuzifanya nyeupe.

Selotepu usiguse. Gundi usiguse. Plastiki ya kubana kwa moto usiitaje mbele yangu. Bango liache na mikunjo yake, liweke bapa kati ya karatasi zisizo na asidi. Cha gazeti ndicho dhaifu zaidi, karatasi ile ni mti uliosagwa tu na ndiyo maana inageuka kahawia na kuvunjika. Kiingize kwenye mfuko wa poliesta, mbali na mwanga. Na fanya kama Mzee alivyosema, nyuma ya kipande cha gazeti ndiko tarehe inakojificha. Aliyekikata alitaka tangazo, upande wa pili hakuuangalia.

Kandambili_77

Kumbe watu wamepima nukta. Mimi nilikuja kucheka tu sasa nimeenda kutoa bango langu ukutani nalimulika na simu. Herufi zote nukta tupu. Basi.

KaratasiKuukuu

Dada Makavazi ahsante, nimeshatafuta mfuko. Bango la makauboi herufi zake ni safi, kwa hiyo ni la 1954 kweli, ila ndoto ya uzinduzi imekufa.

Mzee Fundi, nimekigeuza. Nyuma ni habari ya ndondi, imekatwa pande zote. Nasoma "Tunney", mistari miwili chini "Chicago", halafu "raundi ya saba", na sentensi nusu inayolalamika kuhusu mwamuzi na kuhesabu. Hakuna tarehe. Inasaidia?

FundiProjekta

Inasaidia? Mkuu, umepata zaidi ya tarehe.

Hilo ni pambano la pili la Gene Tunney na Jack Dempsey, Soldier Field, Chicago, usiku wa tarehe 22 Septemba 1927, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Raundi ya saba Tunney alianguka, Dempsey akachelewa kwenda kona yake, mwamuzi akachelewa kuanza kuhesabu, Tunney akapata sekunde za nyongeza akainuka na kushinda. Watu wamebishana juu ya sekunde hizo mpaka leo. Kwa hiyo gazeti lako limetoka tarehe 23 Septemba 1927 au muda mfupi baadaye, wakati ugomvi bado wa moto.

Na filamu ni Wings. Ilizinduliwa Criterion, New York, tarehe 12 Agosti 1927, ikakaa hapo zaidi ya mwaka mmoja. Ndiyo maana nilitaka ukigeuze: kwa tangazo peke yake kingeweza kuwa cha siku yoyote ya mwaka ule mzima. Sasa tunajua ni wiki sita hivi baada ya taa kuzimwa, onyesho lilelile la uzinduzi likiendelea, jumba lilelile, ngazi ya juu kabisa. Karatasi zako nyingine tatu hazijafika karibu na hapo. Filamu yenyewe ndiyo iliyopewa ile tuzo ya filamu bora kwenye sherehe ya kwanza kabisa ya Oscar, 16 Mei 1929.

Kuna jambo la chumba cha projekta ambalo tangazo lako halisemi. Kwenye maonyesho yale walitumia Magnascope. Picha inaanza kwa ukubwa wa kawaida, halafu ndege zikiruka fundi anahamia lenzi ya kukuza, mapazia meusi ya pembeni yanafunguka, na picha inatanuka ijaze ukuta wa mbele. Watazamaji wamekaa, kumbe skrini waliyoiona mwanzo ilikuwa kipande tu. Jumba la Ijumaa na Jumamosi, lile la kadi yako nyekundu, kwa kawaida halikuwa na lenzi hiyo wala nafasi ya kutanua kitu. Mtu wa mji mdogo alilipia jina lilelile akaona filamu ndogo zaidi. Hizi ngazi nilizokueleza zilikuwa na maana hiyo pia.

Tena tazama tarehe. Siku moja baada ya pambano, 23 Septemba, New York hiyohiyo ilizinduliwa filamu ya Sunrise ya F. W. Murnau. Tarehe 6 Oktoba wakazindua The Jazz Singer kwenye jumba la Warner, ile iliyowafanya watu wasitake tena picha bubu. Na ndugu wa Warner, wenye studio hiyo, hawakuwepo kwenye uzinduzi wao wenyewe, kwa kuwa Sam, aliyewasukuma kwenye sauti, alikuwa amefariki siku moja kabla. Yote hayo ndani ya wiki mbili, na kipande chako kimekatwa katikati yake.

KaratasiKuukuu

Mzee, nimesoma mara mbili. Basi nimwambie dalali hicho kipande ndicho cha bei?

FundiProjekta

Hapana, hapo usijidanganye. Magazeti yalichapwa kwa maelfu, sokoni hicho hakitakupa kitu cha maana. Bei haifuati uzinduzi, inafuata uhaba. Bango la filamu ya Metropolis la mchoraji Heinz Schulz-Neudamm liliuzwa mwaka 2005 kwa dola 690,000, na sababu ni kwamba nakala zinazojulikana ni nne. Mabango mengi ya Marekani yaliishia kusagwa, hasa wakati wa vita kuu ya pili karatasi ilipokuwa ikikusanywa, na yaliyobaki yalifunikwa na mafundi kama mimi.

Kwa hiyo kipande kibaki kwako. Kadi ya madirishani uiuze kama kadi ya mji mdogo, kuna watu wanazitafuta hizo tu na wanapenda kuona jina la jumba limekaa upande. Mtu asije akakushauri ukate hiyo sehemu ya juu ili "ipendeze". Bango liuze kama la kurudishwa, R54, useme wazi. Zile nane usizitenganishe hata mnunuzi akikubembeleza achukue ile yenye sura ya steringi peke yake, ndivyo wanavyoanza. Na utuandikie jina la filamu yake na mwaka uliopo pale chini ya orodha ya waigizaji, nione kama nayo ina R.